Mkereketwa: namna ya kulitumia bila kuharibu bango

Kukereketa ni kuwasha kooni, kama dagaa wa mchangani anavyokuachia chembe. Anayekereketwa kawashwa na jambo, hawezi kunyamaza. Ndiyo maana nomino yake, mkereketwa, inabakiza -wa ya kutendwa, sawa na mfungwa na mfiwa. Wingi ni wakereketwa, hali yenyewe ni ukereketwa. "Mkereketi" angekuwa yule anayewawasha wenzake, kwa hiyo usiliandike.

Kosa la aibu ni kuruka silabi moja ukapata "mkeketwa". Hapo umehamia kwenye ukeketaji, na fulana mia mbili zikishachapwa hakuna wa kuzivaa. Kabla ya kumpa mchapaji, soma kwa sauti: m-ke-re-ke-twa. Silabi tano.

Kisha angalia kiunganishi, maana hapa hata waandishi wazoefu huteleza. Kitenzi huchukua "na", kikataja kinachouma: "Anakereketwa na uvuvi haramu," yaani unamuumiza. Nomino huchukua "wa", ikataja anachokipenda au kukipigania. Ukiandika "mkereketwa wa uvuvi haramu" umemfanya mtetezi wa makokoro. Sema "mkereketwa wa ziwa", au "wa uvuvi halali".

Na hiyo "wa" usiiache ikining'inia. Kibao cha "Shina la Wakereketwa" kijiweni kwa bodaboda, pale Buzuruga au Mwaloni Kirumba jijini Mwanza, kila mtu anakisoma kwa kijani na njano: ni CCM. Neno limekaa huko muda mrefu mno, halitoki kirahisi. Kama unamaanisha mazingira, lugha au mpira, taja. Watu wa CHADEMA huitana kamanda. Ukiwaita wakereketwa bila kutaja chama chao, jiandae kusahihishwa.

Shabiki ni mwepesi zaidi: dakika 90 zikiisha uwanjani Kirumba, anaweza kuendelea na mambo yake. Mkereketwa wa Pamba, timu ya Mwanza, ni yule aliyebaki nayo miaka yote ilipokuwa nje ya Ligi Kuu, hadi ikarudi mwaka 2024.

Muridi, yaani mfuasi wa tarika, mwachie shehe wake. Mpambe hukaa karibu na bosi na kumtumikia, hata kama moyoni hana habari naye. Chawa ni tusi: anasifia ili ale. Kwenye habari, usipojua mtu ameguswa kiasi gani, andika "mfuasi" au "mwanachama". Ukereketwa unahitaji ushahidi wa vitendo, siyo kofia na skafu.