Somo: Kuotesha miche ya mboga ndani ya nyumba kabla ya masika

Asalamu alaykum jamaa. Majira ya upepo wa kaskazi yanaelekea kuisha, na anayetaka miche ya biringanya na pilipili hoho ya kupandikiza mvua ikishatulia Aprili, basi mbegu azisie sasa, mwisho wa Februari. Nyanya na sukuma wiki zingoje hadi katikati ya Machi, maana hukua upesi. Nasema hasa na wenzangu wa Mkomani na Langoni, mitaa ya mji wa Lamu, tusio na shamba ila ua na dari, yaani paa la wazi juu ya nyumba. Watu wa vijiji vya Hindi na Mpeketoni kule bara wana ardhi, wao ndio wa kutufundisha sisi.

Maelezo mengi ya kuotesha mbegu ndani yameandikwa kwa watu wa Ulaya, ambao mwezi huu wamo kwenye baridi na wanahangaika kutafuta joto. Sisi joto tunalo la kugawia majirani. Kinachotuharibia miche Lamu ni upungufu wa mwanga na maji ya chumvi, na hayo mawili ndiyo nitakayoyashikilia.

Udongo. Mchanga wa ufuoni usiuguse. Changanya ungaunga wa makumbi ya nazi sehemu mbili, samadi ya punda iliyooza sehemu moja, na mchanga mkavu wa bara sehemu moja. Makumbi yana chumvi yake, na yaliyolowekwa pwani kwa ajili ya usumba, zile nyuzi za kusokotea kamba, ndiyo zaidi. Yaloweke kwenye ndoo ya maji matamu, yakamue, mwaga, rudia mpaka ukionja yale maji ulimi usisikie kitu. Samadi, alhamdulillahi, haituishii, lakini mbichi inaunguza mizizi na imejaa mbegu za nyasi. Iache miezi kadhaa mpaka inuke udongo, si punda. Chekecha udongo wote uliochanganya, mwagia maji yanayochemka kuua ukungu, kisha acha upoe. Bana konzi moja mkononi: ikishikana na kutoa tone moja au mawili, iko sawa. Ikitiririka, imelowa mno.

Chombo. Chochote chenye matundu chini. Vifuu, makopo, trei ya agroveti ukipenda kutumia pesa.

Kusia. Mbegu izame kiasi cha mara mbili ya upana wake, yaani karibu nusu sentimita kwa nyanya, hoho na biringanya. Funika kwa kitambaa kibichi, weka uani kivulini. Nyanya na sukuma nyingi hutoka ndani ya wiki moja. Hoho na biringanya huweza kufika wiki mbili, na mbegu ya zamani hupita hapo. Usifukue kutazama.

Siku ya kuchomoza. Hapa ndipo watu wengi wanapoteza miche. Ukiona shingo ya kwanza imejikunja kutoka udongoni, kitambaa kiondoe siku hiyo hiyo na chombo kipandishe darini. Ua wa nyumba zetu una kuta ndefu, jua linaupitia adhuhuri kidogo kisha linaondoka. Mche ukibaki pale utajivuta kuutafuta mwanga: siku chache tu unakuta bua jembamba, jeupe, na majani mawili juu yasiyoweza kubebwa. Mche wa namna hiyo hata ukiupandikiza hausimami vizuri.

Lakini usiutoe uani ukautupa kwenye jua la saa sita. Upate jua la asubuhi mpaka saa nne, kisha kivuli cha makuti yaliyoachana mpaka alasiri. Kila baada ya siku mbili tatu uongezee muda. Weka nyuma ya ukuta unaozuia upepo, kwa sababu kaskazi hukausha udongo kabla hujamaliza chai.

Maji. Visima vya upande wa Shela vina maji mazuri kwa kuwa vilima vya mchanga huhifadhi maji ya mvua. Vilivyo karibu na bahari huzidi chumvi mwisho wa kaskazi. Ukiona kingo za majani zinakauka rangi ya kahawia na udongo unaota utando mweupe, ni chumvi. Tumia ya mvua, kama jabia au tangi bado lina kitu. Miche haihitaji mengi. Weka chombo ndani ya karai lenye maji kidogo, kinywe kutoka chini mpaka udongo wa juu ubadilike rangi, kisha kitoe. Iwe asubuhi, si jioni.

Kuhamisha. Majani mawili halisi yakishatoka baada ya yale ya mbegu, hamishia kila mche kwenye chombo chake. Shika jani, usishike bua. Nyanya unaweza kuizika mpaka karibu na majani, itaota mizizi kwenye bua. Wiki moja kabla ya kupandikiza, punguza maji na uiache juani kutwa. Pandikiza jioni. Na mvua ya kwanza isikudanganye, ngoja ya pili na ya tatu.

Bamia, matango, kunde na mchicha msijisumbue nazo. Hizo zipandwe pale pale zitakapokua.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Shela:* Dada, miche ilikuwa mizuri jioni, asubuhi nimeikuta imelala, shingo imebanwa kama uzi.

Pole dadangu, hicho ni kinyausi. Ni ukungu, na hupenda udongo uliolowa na miche iliyosongamana. Iliyolala haiponi. Itoe pamoja na udongo wake, iliyobaki ipunguze ipate hewa, na usinyweshe mpaka juu pakauke.

*Kutoka Matondoni:* Saladi yangu haioti kabisa na mbegu ni mpya.

Mbegu ni nzima kaka, imelala kwa joto. Saladi ikipata udongo unaopita nyuzi 30 hivi hukataa kuota. Isie jioni, iweke sakafuni mahali penye baridi kuliko pote nyumbani, na usiizike, inyunyize juu tu kwa sababu inataka mwanga ili iote.

*Kutoka Langoni:* Shangazi, na paka je?

Mwanangu, paka wa mji huu wakiona udongo laini wamepata choo. Tandaza wavu mkuukuu wa kuvulia juu ya vijiti. Unazuia na kunguru pia, maana nao hung'oa miche kwa kucheza tu.

*Kutoka Mokowe:* Naweza kutumia mbegu za nyanya ya sokoni?

Unaweza, ila nyingi ni chotara na watoto hawatafanana na mama. Ukitaka mbegu ya kuhifadhi, nunua mbegu za Cal J au Money Maker, ambazo si chotara. Na wewe uliye bara, kumbuka mvua kubwa ya Mei huleta ugonjwa wa baka jani kwenye nyanya. Mimi nyanya nyingi nasia Juni, napandikiza Julai mvua ikishapungua. Za Machi ni chache tu, za kwenye ndoo chini ya upenu.