Gia ya Rivasi: Namna ya Kuiingiza, na Namna ya Kujua Kwa Nini Imegoma

Siku ya Jumapili, soko la Kibuye mjini Kisumu linapofurika, magari hubanana kandokando ya barabara hata dereva akakosa njia isipokuwa kurudi nyuma, na hapo ndipo utakaposikia ule mkwaruzo mkali wa rivasi inayolazimishwa kuingia. Wapita njia husema gari limeharibika. Mara nyingi gari ni zima. Mwenye haraka ni dereva.

Katika magari mengi ya gia za mkono, gia za kwenda mbele zina pete zinazolinganisha mwendo wa vyuma kabla meno hayajaumana, lakini rivasi ama haina pete hizo au inazo hafifu. Badala yake, gia ndogo ya tatu husukumwa katikati ya mbili nyingine ili kugeuza mzunguko, na isipokuta vyuma vimetulia, meno hugongana. Kwa kuwa meno ya rivasi kwa kawaida hukatwa moja kwa moja bila kuinama, gari hulia kama linavuma likirudi nyuma. Mvumo huo si ugonjwa, wala usikubali kuulipia fundi.

Basi simamisha gari kabisa. Kanyaga klachi hadi chini, hesabu moja mpaka tatu polepole ili vyuma vilivyo ndani vipunguze mzunguko, kisha uingize gia kwa namna gari lako linavyotaka: yapo yanayotaka rungu la gia libonyezwe chini kwanza, na yapo yenye kipete chini ya kichwa chake kinachovutwa juu. Ikigoma, usiisukume kwa nguvu, kwa maana huenda meno yamekutana ncha kwa ncha. Rudi nyutro, achia klachi, ikanyage tena na ujaribu upya, au ingiza gia ya kwanza kisha utoke moja kwa moja kwenda rivasi.

Rivasi ina nguvu inayokaribia ya gia ya kwanza, kwa hiyo mwendo utawale kwa klachi na breki, si kwa mafuta. Kwa kuwa hapa kwetu dereva hukaa kulia, geuka utazame nyuma kupitia bega la kushoto, na usiitegemee sait mira pekee, kwani karai la omena lililowekwa chini nyuma ya gurudumu halionekani humo. Ukizungusha usukani kushoto, mkia wa gari huenda kushoto, lakini pua hutanuka kulia, na huko ndiko boda boda hupenda kujipenyeza. Kuhusu yule kijana anayepiga bodi huku akisema "rudi, rudi, nafasi iko", mshukuru, lakini ukumbuke kwamba bampa si yake.

Ikiwa umefuata haya yote na rivasi bado inakwaruza, lifanyie gari jaribio moja kabla ya kwenda gereji. Zima injini, kisha uingize rivasi. Ikiingia laini injini ikiwa imezimwa na kukwaruza ikiwa inanguruma, mshuku klachi kwanza, kwamba haiachii sawasawa. Mimi niliwahi kuambiwa na fundi mmoja kwamba giaboksi lazima ishushwe, na bei aliyoitaja ilinifanya nirudi nyumbani kufikiri. Nilipofungua boneti nikakuta mafuta ya klachi yamepungua chini ya alama, na silinda ndogo ya klachi iliyo pembeni ya giaboksi imelowa. Ilibadilishwa silinda hiyo, hewa ikatolewa kwenye mfumo, na rivasi ikaingia bila sauti. Kama klachi yako ni ya waya, tazama kwanza kama waya umelegea.

Ikikataa hata injini ikiwa imezimwa, kagua waya au vyuma vinavyounganisha rungu na giaboksi, kwani mipira yake huchakaa. Lakini rivasi inayoingia kisha ikajitoa yenyewe gari likianza kusukuma huwa mara nyingi na meno yaliyolika ndani, au uma unaosukuma gia uliolika, na hapo fundi akisema giaboksi ishuke, msikilize.

Gari la otomatiki halikwaruzi, ila lina malalamiko yake. Likikawia sekunde kadhaa baada ya kuwekwa R, au likiingia kwa kishindo, pima kiwango na rangi ya mafuta ya giaboksi, na ukiongeza, tumia aina iliyotajwa na mtengenezaji tu, maana mafuta ya CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, si sawa na ya otomatiki ya kawaida. Likikataa kutoka P, yaani nafasi ya kuegesha, mwombe mtu atazame taa za breki unapokanyaga. Zisipowaka, huenda swichi iliyo kwenye pedali ndiyo imekufa. Kwenye mteremko kama wa Riat, vuta breki ya mkono na uachie gari liikalie kwanza, ndipo uweke P, la sivyo uzito wote utabebwa na kijino kimoja ndani ya giaboksi, nacho kitang'ang'ania utakapotaka kuondoka.

Mwisho, rudi nyuma ukielekea ukuta usiku na utazame mwanga. Taa moja ya rivasi ikikosa, mara nyingi ni balbu. Zikikosa zote mbili, anza na fyuzi, kisha swichi iliyofungwa kwenye giaboksi.