Somo: Namna ya Kuandika Ombi la Usafiri wa Umma Mtaani Mwako

Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta, inapotangaza bei mpya za mafuta, mimi hupokea swali lilelile kutoka kwa wenzetu wa mitaa ya Nairobi kama Embakasi, Kasarani na Kawangware: tufanye nini ili tusikilizwe? Nimeliandika jibu lote hapa, na kuanzia leo atakayeniuliza nitamwelekeza kwenye somo hili.

Kwanza tuelewane kuhusu kile tunachodai. Kenya huagiza kutoka nje mafuta yote yaliyosafishwa, kwa kuwa kiwanda cha Changamwe kiliacha kazi hiyo mwaka wa 2013, na kwa sababu hiyo bei ya pampu haimo mikononi mwa mwakilishi wa wadi wala mwa kondakta. Tunachoweza kukipigania ni kupunguza mafuta yanayochomwa ili mtu mmoja afike kazini. Matatu inayonguruma steji ikisubiri kujaa inachoma dizeli bila kumfikisha mtu yeyote popote, na gari dogo lililombeba dereva peke yake linachukua nafasi ya barabara ambayo basi lingeitumia kwa abiria wengi. Kwa hiyo hatuombi petroli ya bei nafuu. Tunaomba mabasi yenye ratiba, njia yao wenyewe barabarani, na mahali salama pa kutembea kwa miguu.

Hatua ya 1. Tafuta majirani wachache wanaosafiri kwa njia moja na wewe.

Hatua ya 2. Chagueni tatizo moja tu.

Hatua ya 3. Jueni barabara ni ya nani. Hapa ndipo kundi letu lilipokwama, kwa maana ombi letu la kwanza, la kibanda cha abiria, lilipelekwa kwa ofisi isiyosimamia barabara ile, nalo likalala huko hadi tulipolifuata wenyewe. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti barabara za kaunti, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani, lakini Thika Road iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, na barabara ya Outer Ring ilipanuliwa na KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Mradi wa mabasi yaendayo haraka una mamlaka yake, NaMATA, iliyoundwa mwaka wa 2017 kwa ajili ya Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Basi moja linaweza kupita mikononi mwa taasisi tatu kabla ya kufika mjini! Msikubali jibu la mdomo kutoka kwa askari wa getini wala kwa karani. Andikeni barua fupi mkiuliza ni nani msimamizi wa sehemu hiyo ya barabara, mkitaja makutano inapoanzia na inapoishia, kisha msubiri jibu la maandishi kabla ya kukusanya sahihi hata moja, kwa sababu sahihi zilizokusanywa chini ya anwani isiyofaa haziwezi kuhamishwa.

Hatua ya 4. Hesabuni. Wawili wakae steji kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi. Mmoja aandike kila gari linapofika, idadi ya viti vyake, saa lilipoingia na saa lilipoondoka. Mwingine ahesabu watu walio kwenye foleni kila baada ya dakika kumi. Rudieni siku ya mvua na muandike nauli iliyotozwa. Karatasi ya namna hiyo, hata ikiwa na tope pembeni, ina uzito kuliko kurasa nyingi za malalamiko.

Hatua ya 5. Andikeni ombi kwa Kiswahili au Kiingereza. Sheria ya mwaka wa 2012 kuhusu maombi kwa Bunge inataka mada iandikwe kwenye kila karatasi, hatua mlizokwisha kuchukua zielezwe, msema kama jambo hilo liko mahakamani, na mmalizie kwa kueleza waziwazi mnachotaka kifanywe. Fuateni muundo huo hata mnapoliandikia bunge la kaunti.

Hatua ya 6. Wasilisheni, na nakala yenu ipigwe muhuri.

Hatua ya 7. Fuateni kalenda ya bajeti. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, kwa hiyo ombi la fedha litangulie tarehe hiyo.

MASWALI YA WANACHAMA (kila swali lina jina la mtaa wa aliyeuliza)

Kayole: Nipe namba ya gavana nimpigie kuhusu nauli.
Jibu: Somo hili halihusu kupiga simu. Soma hatua ya 3.

Pipeline: Mwalimu, wenye matatu hawatatupinga? Nauliza kwa sababu wengi wao ni jirani zetu.
Jibu: Asante kwa kuuliza, dada. Dereva anadaiwa na mwenye gari kiasi fulani kila siku, na mafuta hulipiwa kabla yeye hajapata chake. Gari likikaa steji au kwenye msongamano, hasara ni yake. Waendeeni viongozi wa SACCO, yaani chama cha ushirika cha wenye matatu, mapema mkiwa na karatasi ya hesabu, muwaulize magari yao yanapotezea muda wapi. Wanaijua barabara kuliko mhandisi yeyote, na jina lao kwenye ombi litawasaidia ninyi sana.

Buruburu: Hujasema tunahitaji sahihi ngapi.
Jibu: Sikusema kwa sababu Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, hata akiwa peke yake. Sahihi nyingi huongeza uzito tu. Ila karatasi zenye namba za vitambulisho zisipigwe picha na kusambazwa kwenye WhatsApp.

Kasarani: Mabasi ya umeme yamekuja. Kuhesabu abiria ni kazi bure.
Jibu: Si kazi bure. Mabasi ya BasiGo yamebeba abiria hapa tangu mwaka wa 2022, nami nayaunga mkono kwa moyo wote, kwani umeme wetu mwingi unatoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo. Lakini basi la umeme lililokwama nyuma ya magari madogo halimfikishi mtu mapema, na asiyefika mapema atanunua gari la petroli akipata uwezo. Njia ya mabasi bado inahitajika.

Dagoretti: Tunaweza kulipeleka ombi kwa matembezi?
Jibu: Ndiyo, Kifungu cha 37 kinaruhusu, mradi muwe na amani na bila silaha. Kituo cha polisi kijulishwe kwa maandishi si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla, nanyi mbaki na nakala.

Kibra: Na ofisi ikinyamaza tunapouliza barabara ni ya nani?
Jibu: Barua ya hatua ya 3 itaje Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016, inayotaka mjibiwe ndani ya siku 21. Wakinyamaza, pelekeni nakala yenye muhuri kwa Tume ya Haki ya Utawala (Ombudsman), ile yenye kauli "Hata mnyonge ana haki".