SOMO: Namna ya kumtambua mungu mwenye asili ya Kihindu katika mahekalu ya Japani

Ndugu wanachama, kwa miezi mingi nimekuwa nikiulizwa jambo moja kwa maneno tofauti: je, Benzaiten wa Japani ndiye Saraswati wa Wahindu? Je, Daikokuten wa Japani ndiye Shiva wa Wahindu? Nimejibu kila mara kwa moyo mmoja, lakini sasa naandika hatua zote mahali pamoja, ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa.

Kwanza tuelewane kuhusu neno moja, maana lugha yetu hutofautisha Mhindi na Mhindu, na tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa somo lote. Miungu hii haikufikishwa Japani na Wahindu. Ilisafiri ndani ya Ubuddha ikiwa walinzi wa mafundisho, kutoka India hadi China na Korea, kisha ikaingia Japani katika karne ya 6. Mtawa wa Kijapani Kukai alipokwenda China mwaka 804 na kurejea mwaka 806, alileta mafundisho ya siri ambayo ndani yake miungu ya India ilikuwa na nafasi kubwa zaidi. Hata Bodhisena, aliyewasili Japani mwaka 736, na ambaye mwaka 752 alichora macho ya Buddha Mkuu wa hekalu la Todaiji mjini Nara, alikuwa Mhindi kwa asili na Mbuddha kwa dini.

Hatua ya 1. Tazama mwisho wa jina. Silabi "-ten" ndiyo iliyotumika kutafsiri neno "deva" la Kisanskriti: Bonten ni Brahma, Taishakuten ni Indra, Kichijoten ni Lakshmi, Bishamonten ni Vaishravana, yaani Kubera, na Suiten ni Varuna.

Hatua ya 2. Tazama mikono na kipando. Katika ukumbi wa mahubiri wa hekalu la Toji, Kyoto, Bonten amekaa juu ya bata bukini na Taishakuten amempanda tembo. Benzaiten mwenye mikono miwili hupiga biwa, ala ya nyuzi inayofanana sana na udi wa taarabu. Mwenye mikono minane hushika upinde, mshale, upanga na silaha nyingine.

Hatua ya 3. Tazama kama kuna maji. Saraswati alikuwa mto kabla ya kuwa mungu wa elimu na muziki, na Benzaiten hakuyaacha maji: mahali pake mashuhuri ni visiwa vya Enoshima, Itsukushima na Chikubushima.

Hatua ya 4. Omba kuonyeshwa jina kwa kanji, yaani herufi za Kichina zinazotumika Japani. Hapa ndipo nilipokosea vibaya, kwa hiyo nisomeni polepole. Miaka kadhaa iliyopita niliandaa karatasi ya kufundishia kikundi kidogo cha wanafunzi, nikaandika kwamba hekalu kuu la Izumo ni la Mahakala, yaani Shiva katika umbo lake la kutisha, kwa sababu tu nilisikia watu wakimwita mungu wa pale "Daikoku". Mzee mmoja aliyewahi kuishi Japani alichukua kalamu, akaandika pembeni mwa karatasi yangu maneno mawili, 大黒 na 大国, akaniuliza kama naona tofauti. La kwanza maana yake ni "mweusi mkuu", tafsiri ya jina Mahakala, na ndilo jina la Daikokuten. La pili ni "nchi kuu", sehemu ya jina la Okuninushi, mungu wa Kijapani wa Izumo. Yote mawili husomeka "Daikoku", na kwa sababu ya mlingano huo wa sauti waumini waliwaunganisha wawili hao kwa karne nyingi. Ndiyo maana Daikokuten leo ana mfuko begani kama Okuninushi, na panya miguuni, kwani katika Kojiki, kitabu cha mwaka 712, panya ndiye aliyemwokoa Okuninushi motoni.

Tahadhari: usihitimishe kamwe kwa sauti ya jina lililoandikwa kwa herufi za Kilatini. Pia usidhani kwamba tabasamu la Daikokuten juu ya magunia ya mchele ni uzushi wa Kijapani mtupu. Mtawa Yijing wa China, aliyezuru India katika karne ya 7, aliona karibu na majiko ya nyumba za watawa sanamu ya Mahakala huyo huyo aliyeshika mfuko, iliyopakwa mafuta mara nyingi hata ikawa nyeusi. Uhusiano wake na jiko na chakula ni wa zamani.

Hatua ya 5. Uliza mahali hapo palikuwaje kabla ya 1868. Mwaka huo serikali ya Meiji iliamuru Ubuddha na Shinto, dini ya asili ya Wajapani, vitenganishwe. Mahali pengi jina la Kihindi liliondolewa na la Kijapani likawekwa, kwa hiyo kibao cha mlangoni hakitoshi kuwa ushahidi.

MASWALI YA WANACHAMA

Kipanga: Kwa hiyo Wajapani ni Wahindu?
Jibu: Hapana. Rudi kwenye aya ya pili.

Msomi_wa_Pwani: Mwalimu, unawanyima Wajapani dini yao. Kila kitu kimetoka India?
Jibu: Sijasema hivyo, na naomba usinilishe maneno. Okuninushi ni wao. Ebisu ni wao. Katika miungu saba ya bahati inayopendwa Japani, watatu tu ndio wenye asili ya India: Benzaiten, Bishamonten na Daikokuten.

Mwanaasha: Shikamoo Mwalimu. Hapa Mombasa nimemwona Ganesha hekaluni, ameketi wazi mbele ya kila mtu. Kwa nini nasikia kule Japani hufichwa?
Jibu: Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri. Kule anaitwa Kangiten, au Shoten, na mara nyingi huonyeshwa kama miili miwili yenye vichwa vya tembo iliyokumbatiana, dume na jike. Kisa kinasema kwamba Kannon, bodhisattva wa huruma, mwenye nyuso kumi na moja, alijigeuza jike ili amtulize Vinayaka (jina jingine la Ganesha) aliyekuwa mkorofi, na ukitazama miguu utaona jike amemkanyaga mwenzake. Kwa kuwa huhesabiwa mwenye nguvu za kuogopwa, sanamu hufungiwa ndani, na makuhani huiogesha kwa mafuta yaliyopashwa moto bila watu kuona. Katika hekalu la Matsuchiyama Shoden, Asakusa, waumini humpelekea figili nyeupe nzima.

Kipanga: Nimeona jina Tenjin. Naye ni deva?
Jibu: Nimesema mwisho wa jina, si mwanzo. Tenjin ni Sugawara no Michizane, mwanazuoni wa Kijapani aliyefariki mwaka 903.

Fundi_Lugha: Nyongeza kwa wapenda lugha: mpangilio wa silabi za Kijapani, a-i-u-e-o kisha ka, sa, ta, na, umefuata elimu ya sauti ya Kisanskriti.
Jibu: Ahsante sana, ni kweli. Watawa waliijifunza kupitia Siddham, mwandiko wa Kihindi wa kuandikia Kisanskriti, na mwandiko huo bado upo: ukipita makaburini Japani, tazama sehemu ya juu ya vile vibao virefu vya mbao vilivyosimamishwa nyuma ya kaburi. Mara nyingi herufi za mwanzo zilizoandikwa pale kwa wino si za Kijapani wala za Kichina.