SOMO: Kuweka jukwaani futuhi (mchezo wa kuchekesha) ya wakati wa vita (anzeni na milango!)

Tangu tuoneshe mchezo wetu hapa Nakuru naulizwa hii kitu kila wiki, kwa hivyo naandika mara moja, someni mpaka chini ndio muulize. Mchezo tuliuandika wenyewe: mwaka ni 1942, mateka Mtaliano ametoroka kambini akajificha jikoni kwa mpishi, afande Mwingereza anakuja chai, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) yuko likizo anamtafuta binti ya mpishi, na kila mtu anamkwepa mwenzake. Mateka Waitaliano walijaa Kenya baada ya Italia kushindwa Ethiopia 1941, hata lile kanisa dogo la Mai Mahiu ni wao walijenga, so watu wa huku wanaishika stori haraka.

1. Skripti: andikeni yenu ama muombe ruhusa ya mwenyewe.

2. Waigizaji: 8 wanatosha, wawe na pumzi, kuna kukimbia mingi.

3. MILANGO. Hapa ndio tuliumia. Tulifanya mazoezi wiki 6 viti vikiwa ndio milango, fundi akaleta milango yenyewe jioni ya kuamkia onyesho. Kumbe inafungukia ndani ya jukwaa, Mtaliano akifungua ubao unamficha, na watu wa kushoto hawakuona sura yake kabisa na kicheko chote kilikuwa kwa hiyo sura. Mlango wa pili ulipobamizwa ukuta mzima wa plaiwudi ukaanza kumwinamia afande, vijana wawili wakaushikilia kutoka nyuma mpaka onyesho likaisha. Hakuna aliyeumia lakini ungeweza kuua mtu. Kwa hivyo: mlango ufungukie nje ya jukwaa, na kama uko ukuta wa pembeni bawaba zikae upande ulio mbali na watazamaji. Fremu ya mbao inchi 2 kwa 2 isimame imara kabla hujapigilia plaiwudi, kila fremu iwe na mwegemeo wa pembetatu nyuma na magunia ya mchanga juu ya mguu wake. USIWEKE kitasa cha kawaida, kitakwama mtu akiwa mbio, weka kishikio na sumaku ya kabati. Bamiza kila mlango mara 50 kabla mwigizaji hajaugusa, na mazoezi yaanze na milango SIKU YA KWANZA.

4. Nguo: khaki. Zile za jeshi za madoadoa achana nazo, raia kuzivaa Kenya ni kosa.

5. Bunduki: za mbao, na ukizibeba njiani zifunge kwa gunia.

6. Kasi: wiki mbili polepole, kila hatua ikijulikana ndio muongeze. Watu wakicheka ngoja kicheko kianze kushuka, usingoje kiishe.

MASWALI

Boss nitumie hiyo skripti pdf
– Hapana. Soma namba 1.

Kwani lazima milango? Sisi Kisumu tuna pazia tu
– Umesoma namba 3 kweli? Pazia haina sauti. Watu wanaanza kucheka wakisikia mlango umebamizwa hata kabla hawajaona ni nani. Kama pesa ni kidogo tengenezeni mmoja mzuri na hizo zingine ziwe pazia.

Mwalimu, kuchekea vita si kukosea wazee heshima? Babu yangu alienda vita vya Burma na KAR
– Asante kwa hili swali, na heshima kwa babu. Tulilijadili sana. Tuliamua hakuna mtu anakufa kwa mchezo, na askari wetu ndiye mwerevu kuliko wote nyumbani humo, tunacheka uongo wa afande na woga wake. Yale mapigano ya bonde la Kabaw huko Burma 1944 na ile mvua hatukuyagusa. Kama anaweza kusikia bado, msomee skripti yako kwanza, atakurekebisha mengi.

Mtaliano aongee aje?
– Mpe KiKAR, kile Kiswahili cha kambini, "mimi nakwenda, wewe nakwenda". Afande avunje ngeli kivyake, Mtaliano kivyake, mpishi peke yake aongee kilichonyooka. Hapo hata tafsiri za uongo zinajiandika.

Khaki mnatoa wapi? Soko lote hakuna zinazofanana
– Nunua mashati meupe ya mitumba, pamba tupu maana poliesta haishiki rangi. Chemsha majani chai mengi, chovya zote kwa sufuria moja siku moja, zilale humo usiku kucha, asubuhi suuza uanike kivulini. Ukichovya kwa mafungu mawili rangi zitatofautiana.