Namna ya kusoma The Road bila kuzama nayo

Kama umeazimwa The Road ya Cormac McCarthy ukafika ukurasa wa ishirini ukaiweka chini, usijilaumu, kitabu ni kizito kweli. Baba na mtoto wake, majina hawana, wanatembea kwenda kusini wakisukuma toroli la supamaketi, dunia imeungua yote, majivu kila sehemu, baridi, chakula hakuna. Mimi nilianza kukisoma usiku kitandani nikajikuta nimeinuka kwenda kumwangalia mwanangu kama anapumua. Kwa hiyo kisome mchana.

Achana na swali la nini kiliunguza dunia, mwandishi anasema saa zilisimama saa 7:17 halafu basi, hilo sio analotaka kukwambia. Sura hakuna, alama za mazungumzo hakuna, ukipotea nani kaongea soma kwa sauti, utamsikia mtoto, anajibu kifupi kifupi, sawa, sawa.

Shika vitu vidogo wanavyopeana. Kuna sehemu baba anaokota kopo moja la Coca-Cola, analifungua, anasogeza pua kwenye zile povu kisha anampa mtoto, mtoto anakunywa kidogo anamwambia na wewe kunywa, halafu anatambua mwenyewe kwamba anapewa lote kwa sababu hatakunywa lingine tena maishani. Hapo rudia hata mara tatu. McCarthy alikuwa kapita miaka 70 kitabu kilipotoka mwaka 2006 na mwanae bado mdogo, na kitabu amekitabaruku kwa huyo huyo mwanae, ukilijua hilo hofu ya yule baba unaielewa vizuri zaidi.

Ukifika kwenye ile nyumba yenye chumba cha chini (utaijua tu), usikifunge kitabu hapo, utalala na picha mbaya. Vuta pumzi uendelee mpaka wanapokuta handaki lenye vyakula vya makopo, ambapo mtoto kabla ya kula anawashukuru watu walioviacha, watu ambao hajawahi hata kuwaona. Hapo ndio pumzika, hata siku mbili.

Kurasa za mwisho zisomee nyumbani kukiwa na mtu. Mimi nilizisomea kwenye daladala, nikapitiliza kituo, nikashuka Mbagala Rangi Tatu na kitabu mkononi, nikasimama pale mpaka magari matatu ya kurudi yakajaa yakaondoka.