SOMO: Kitubio na watoto wadogo (soma kabla hujaniuliza)

Wamama wa jumuiya mmenimaliza, kila Jumamosi ya Kwaresima simu inalia, "wewe hufanyaje na hao watoto ukienda kuungama?" Naandika mara moja tu.

1. Walishe, wapeleke choo.

2. Fika kabla laini haijakuwa ndefu.

3. Waza dhambi zako usiku ukiosha vyombo. Kwa benchi hutapata hata dakika.

4. Nani anabaki na mtoto? Hapa ndipo niliaibika. Anayenyonya mfunge na leso uingie naye, hana shida. Ameanza kuongea? USIINGIE NAYE. Mimi niliingia na wangu wa miaka 3 na mandazi mkononi, nikadhani anakula kumbe masikio yako wazi, Jumapili tuko kwa mama mkwe hapa Kisumu tumezunguka samaki, akamwambia nyanya yake, "Dani, mama aliambia Padre eti yeye amekukasirikia." Mama mkwe akarudisha tonge kwa sahani, akaomba maji ya kunawa. Miezi miwili hakuniongelesha. Kwa hivyo mwachie mwenzako wa jumuiya, wakae mbali na pazia la kuungamia, akitoka nawe unamshikia wake. Usimwachie mtu humjui, na asicheze nje penye boda zinapita.

5. Malipizi, zile sala Padre amekupa, sali hapo hapo. Ukifika nyumbani ni ugali na kelele, umesahau.

MASWALI

– Si umpe tu simu aone katuni?
Soma namba 4. Masikio hayaangalii katuni.

– Niko na wawili na sina wa kunishikia?
Pole mum. Ongea na Padre baada ya misa ya asubuhi siku ya kawaida, umuulize kama mnaweza kuketi benchi ya mbele uongee polepole ukiwaona wakicheza. Wangu alikubali bila shida.

– Na mtu wa laini akisikia dhambi zangu?
Swali zuri sana hili. Padre amefungwa na siri ya kitubio, na kanuni ya 983 ya sheria za Kanisa inamfunga pia mtu mwingine yeyote aliyezisikia. Shida ni kumweleza hiyo kanuni mtoto wa miaka 3.

– Na wa miaka 7?
Huyo Kanisa linahesabu ashapata akili, mwanzishe katekisimu aende kuungama zake.

– Mlipatana na mama mkwe?
Ndio. Nilirudi kuungama hiyo pia, peke yangu.

– Mandazi si yanamwaga makombo kanisani?
Siku hizi nabeba ndizi. Maganda funga kwa leso, usiyaache chini ya benchi kama mtu fulani wa jumuiya yetu.